Mbia wa kimya wa kahawa yako

*Swali:* Shikamoo Mama. Nina miaka 35, naishi Sakina, Arusha, na mwaka wa tisa huu ni mhasibu wa kampuni ya utalii. Napokea 1,100,000 mkononi. Mwaka jana nilianza kukaangisha kahawa Moshi kila Jumamosi na kuifungasha nyumbani, pakiti za gramu 250. Sasa nauza pakiti 360 kwa mwezi, kila moja 8,000, nyingi kwenye hoteli na lodji sita, zinazobaki madukani na kwa watu binafsi. Kahawa safi, yaani iliyokobolewa ila haijakaangwa, nanunua 12,000 kwa kilo, kukaanga nalipa 2,000 kwa kilo, mfuko 900. Faida yangu inafika kama 1,300,000, imeshapita mshahara. Nimechoka na ofisi na bosi wangu hana shukrani. Nataka kuandika barua mwezi huu wa Septemba, nichukue pesa zangu za mfuko wa hifadhi, NSSF, ninunue mashine yangu ya kukaangia. Mume wangu ni mwalimu, anasema niamue mwenyewe. Tuna watoto wawili, na mkopo wangu wa mshahara umebaki miezi 26. Niache au nisubiri?

*Jibu:* Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma na kikokotoo mkononi, ndiyo tabia niliyobaki nayo baada ya miaka 14 ya uafisa mikopo, kwa hiyo nianze na ile 1,300,000.

Pakiti 360 za robo kilo ni kilo 90. Ukazidisha kilo 90 kwa 12,000, ukaongeza kukaanga kilo 90 na mifuko, ukatoa kwenye mauzo ya 2,880,000, ikabaki 1,296,000. Hesabu imenyooka, ila kahawa hainyooki hivyo. Ikiingia kwenye moto inapoteza maji na maganda membamba, na kilo 100 za kahawa safi hutoka kilo 80 hadi 85 kulingana na ulivyoikaanga. Ili upate kilo 90 za kufungasha lazima uingize kama kilo 110. Kununua na kukaanga hizo kilo 20 za juu ni 280,000. Wewe ni mhasibu na kila Jumamosi unasimama pale kwenye mzani, kwa hiyo kilo 110 unazilipa, najua. Ila kwenye karatasi uliyonitumia zipo 90. Hizo nyingine zimelipwa na pesa ambayo hukuiandika popote.

Niendelee, na nikikosea kiwango urekebishe kwa daftari lako. Lebo, tuseme 200 kwa pakiti: 72,000. Nauli ya Moshi na kurudi Jumamosi nne, mizigo, na bodaboda wa kusambaza Arusha mjini: 140,000. Bando na simu: 30,000. Kuna mtu pia anakusaidia kufungasha, maana pakiti 360 huzifungi peke yako baada ya kazi, na huyo unampa "asante" ya 60,000. Inabaki 714,000. Mauzo yako ya mwaka yanakaribia milioni 35, na kwa mfanyabiashara mdogo aliye chini ya milioni 100 TRA wanakukadiria kwa kuangalia mauzo, hawaangalii faida. Tenga laki moja kila mwezi mpaka wakupe makadirio yako, ambayo utayalipa kwa awamu nne za mwaka. Tumebaki na 614,000. Na huo ni mwezi mzuri, msimu wa wageni.

Mtu mwingine angeishia hapa akuambie biashara yako haijafikia mshahara, subiri. Mimi 614,000 hainitishi. Nimeona watu wakitoka ofisini na pungufu ya hiyo na wakasimama. Kinachonitisha ni kwamba hujui biashara hii inabebwa na nani. Ina mbia wa kimya, naye ni kazi yako. Mbia huyo anachangia vitu vitatu na hadai gawio, na wewe unataka kumfukuza kabla hujahesabu mchango wake.

Mchango wa kwanza tumeuona: nauli, bando, kilo 20 za moto. Vidogo vidogo vinavyotoka kwenye mkoba bila kuandikwa kwa sababu tarehe 28 mkoba utajaa tena.

Wa pili ni mkubwa zaidi. Hoteli hazikulipi siku unayoshusha mzigo. Tuseme asilimia 60 ya pakiti zako zinaenda huko na wanakulipa baada ya siku 45, hapo hoteli wamekutendea wema. Mauzo yako kwao ni 1,728,000 kwa mwezi, kwa hiyo wakati wowote ukiamka asubuhi una kama 2,600,000 imelala kwenye mafaili ya watu. Na bado Jumamosi ijayo lazima ununue kahawa kwa pesa taslimu. Nani anaziba hilo pengo? Mshahara. Siku ukikatika, pesa ile itabaki imelala palepale, ila wewe hutakuwa na kitu cha kwenda nacho Moshi.

Somo hili unalijua kuliko mimi, maana unakaa upande wa pili wa meza. Wewe ndiye mhasibu wa kampuni ya utalii. Wewe ndiye unayemwambia mama anayeleta mboga za safari kutoka Tengeru "njoo Ijumaa, bosi hajasaini". Hebu jiulize kwa ukweli: mwezi ukiwa mgumu ofisini kwenu, kati ya wanaowadai, nani analipwa kwanza? Muuza mafuta analipwa, kwa sababu gari halitembei bila yeye. Geti la hifadhi linalipwa, kwa sababu bila malipo hamwingii. Fundi mwenye spea ambayo hakuna mwingine anayo, naye analipwa. Anayefuata ni yule anayekuja mwenyewe, akakaa kwenye benchi na karatasi yake mkononi, akasalimia kila mtu. Wa mwisho ni mwenye bidhaa nzuri, mpole, anayepatikana kwa simu, ambaye kitu chake kinaweza kununuliwa kwingine kesho. Mwanangu, huyo wa mwisho ndiye muuza kahawa.

Tumia hicho unachokijua. Kila unaposhusha mzigo hotelini, mtunza stoo akusainie hati ya kupokea siku hiyohiyo, jina na tarehe visomeke, kwa sababu mtunza stoo akihama, mzigo wako unahama naye. Ulizia siku yao ya kulipa, ankara yako ifike siku tano kabla. Na uwe na kikomo: hoteli yenye ankara mbili hazijalipwa haipati ya tatu. Utapoteza mteja mmoja kwa sheria hiyo. Mpoteze.

Mchango wa tatu wa mbia wako nitauliza tu, ujijibu mwenyewe. Kati ya hizo hoteli na lodji sita, ni ngapi zinanunua kahawa kwako kwa sababu wewe ni mhasibu wa kampuni inayowaletea wageni? Sisemi kahawa yako ni mbaya. Nasema meneja wa hoteli anayesubiri malipo ya vyumba kutoka mezani kwako hawezi kukukatalia pakiti 40. Ukishatoka, pakiti zitabaki na utamu uleule lakini sababu ya kununua imeondoka. Kuna jambo la ziada hapo ambalo halipendezi: kama mwajiri wako hajui kwamba unauza bidhaa kwa watu unaowalipa kwa niaba yake, mwambie kabla hajaambiwa na mwingine. Utaratibu mwema wa kutoka unaanzia hapo, na barua ya kukupendekeza utaihitaji.

Nikuambie langu. Nilitoka benki mwaka 2006, hapa Moshi, nikafungua duka la maziwa na mtindi. Nilitoka mwezi wa kumi na moja, na wewe unaujua Desemba ya Moshi. Wachaga wote walioko Dar, Mwanza na kwingineko wamepanda nyumbani, magari hayapiti Double Road, watu wananunua mtindi kwa ndoo. Niliandika mauzo ya Desemba nikazidisha kwa kumi na mbili. Afisa mikopo mzima! Nikanunua friza la pili. Januari wiki ya pili mji ulikuwa kimya, waliobaki wanatafuta ada za shule, na mimi nina mafriza mawili na wateja wa friza nusu. Lile la pili nililichomoa kwenye umeme na likakaa hadi Pasaka likihifadhi sare za shule za wanangu. Duka halikufa, lakini lilinichukua miaka mitatu kurudisha pesa ya friza ambalo mwezi mmoja tu wa subira ungenizuia kulinunua.

Wewe unaniandikia Septemba. Septemba ya Arusha ni kama Desemba ya Moshi. Wageni wamejaa tangu Juni na wataendelea hadi Oktoba, halafu wataongezeka tena Krismasi hadi Februari. Ikifika masika, Aprili na Mei, kambi nyingi za porini zinafungwa kabisa na hoteli za mjini zinapunguza wafanyakazi. Pakiti zako 360 zitakuwa ngapi mwezi huo? Mwaka huu uliuza ngapi Aprili? Namba hiyo haimo kwenye barua yako, na ndiyo niliyoitafuta kuliko zote.

Na hapo kuna kisa kingine. Mshahara wako na kahawa yako vinanyeshewa na mvua moja. Mwaka 2020 korona ilipokuja, ndege zikasimama, na Arusha nzima tuliona maofisi ya utalii yakipunguza watu, wengine wakibaki na nusu mshahara. Kwa hiyo siwezi kukuambia "baki ofisini ni salama". Ofisi yako si salama kiasi hicho. Ila biashara inayotegemea hoteli za watalii haikupi hifadhi pia, umehama chumba ndani ya nyumba ileile. Hifadhi yako ni zile pakiti za madukani na za watu binafsi, ambazo kwenye barua umezitaja kwa maneno machache tu kana kwamba hazina maana. Hao wanalipa papo hapo. Kuna maofisi, kuna makanisa yenye vikundi vya akina mama, kuna madereva waongozaji ambao mgeni wao siku ya mwisho, kabla ya kwenda uwanja wa ndege wa KIA, anatafuta zawadi ya kubeba. Dereva akiwa na katoni ya pakiti 20 kwenye gari na akapata 1,000 kwa kila pakiti, anakuuzia na anakulipa jioni. Ukiivuta sehemu ya taslimu kutoka asilimia 40 hadi 65, utalala vizuri hata mauzo yasipoongezeka kwa pakiti moja.

Sasa NSSF, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Ondoa pesa hiyo kwenye mpango wako leo. Fao la kukosa ajira limewekwa kwa aliyepoteza kazi, halimhusu aliyeandika barua ya kujiuzulu kwa hiari. Wengi wanakuja kwangu wakiwa wameshaacha, wameshaagiza mashine, halafu ndio wanakwenda dirishani kuuliza. Nenda ofisi ya NSSF hapo Arusha na kitambulisho, uchukue taarifa ya michango yako, uulize kwa hali yako wewe ukijiuzulu utapata nini na lini. Uulize pia jinsi ya kuendelea kuchangia ukiwa umejiajiri, maana pensheni ya uzee inadai michango ya miezi 180 na wewe kwa miaka tisa una kama 108. Ni dhambi kuiacha njiani.

Mkopo wa mshahara nao usome mkataba wake tena, hasa kipengele kinachosema mshahara ukikoma inakuwaje. Nimewahi kuviandika vipengele hivyo. Mara nyingi benki ina haki ya kudai salio lote kwa mkupuo, na hata isipofanya hivyo rejesho halipungui. Unalirejesha kutoka kwenye 614,000 ipi? Bima ya afya ya watoto pia inakwenda na kazi, iandikie bei yake.

Mashine usinunue bado. Kwa kilo 110 unalipa ada ya kukaanga 220,000 kwa mwezi, na mwenye mashine anabeba gesi, fundi, na siku umeme unapokatika kahawa ikiwa nusu. Mashine ya milioni 9, kwa mfano, ni ada ya miezi 41. Ukifika kilo 300 kwa mwezi turudi kwenye mazungumzo haya. Pesa uliyo nayo sasa ina kazi bora: kununua kahawa safi ya kutosha wakati wa msimu, kati ya Julai na Desemba huku Kaskazini, na kuihifadhi pakavu, juu ya mbao, mbali na ukuta, ili Machi usiwe unatafuta mabaki ya watu.

Vibali nitapita haraka kwa sababu mhasibu huhitaji kushikwa mkono. Leseni ya biashara ya halmashauri, mashine ya risiti ya EFD kwa sababu mauzo yako yanakuvusha, leseni ya Bodi ya Kahawa kwa anayekaanga na kuuza ndani, na risiti ya hiyo kahawa safi inayoonyesha imetoka wapi. Usinunue vya uchochoroni kwa shemeji wa Kibosho kwa sababu ni ndugu, kahawa ya mkulima ina njia yake ya kupita kwenye chama cha msingi cha ushirika. Kwa alama ya ubora anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe barua uende nayo TBS, shirika la viwango. Tangu 2019 TBS ndio wanaosajili pia majengo ya chakula, kazi iliyokuwa ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kwa hiyo chumba cha kufungashia kitaangaliwa. Meza ya sebuleni karibu na televisheni haitapita.

Hilo la bosi asiye na shukrani nimelisoma mara mbili. Kama shida ni yeye, dawa yake ni kutafuta kazi nyingine ya uhasibu, Arusha hii haina upungufu wa makampuni. Usianzishe maisha mapya kwa sababu ya mtu mmoja. Na huyo mume anayesema uamue mwenyewe, usimkubalie. Kaeni Jumapili baada ya ibada, karatasi mbele yenu, muandike nani analipa kodi ya nyumba Mei na nani analipa ada Julai. Akishaona kiasi chake ndipo atatoa maoni, na huenda yakawa ya maana.

Kwa hiyo, niache au nisubiri? Usiandike barua Septemba. Fanya hivi. Kuanzia mwezi huu mshahara wako usiguse kahawa hata shilingi. Fungua akaunti ya biashara peke yake, kila nauli na kila kilo itoke humo, na tarehe 28 jilipe humo mshahara mdogo, tuseme 400,000. Ikishindwa Oktoba, msimu ukiwa mzuri, utakuwa umejua bila kupoteza kazi. Ikiweza, Februari nenda kwa bosi uombe likizo bila malipo ya Aprili na Mei. Usishangae akikubali upesi: miezi hiyo kampuni yake nayo inatafuta pa kupunguzia mshahara, na wewe umemletea mwenyewe. Kwa miezi miwili ile mibaya kuliko yote mtaishi kwa kahawa na mshahara wa mwalimu. Weka akiba ya rejesho la mkopo la miezi hiyo miwili kabla hujaanza, hilo tu ndilo nakuruhusu kulibeba kutoka kwenye mshahara.

Mkivuka masika watoto wakiwa wanakula, ada ya Julai ipo na mzigo wa Jumamosi haujakatika, Juni andika barua yako bila kuniuliza. Sheria inakudai notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi. Mpe bosi miezi miwili, umfundishe atakayekaa kwenye kiti chako, uondoke na cheti cha utumishi na siku zako za likizo zilizobaki zikiwa zimelipwa. Kiinua mgongo usikitarajie, hicho ni cha aliyeachishwa. Msipovuka, utarudi mezani kwako Juni wageni wakianza kuingia, na hakuna mtu atakayejua kwamba ulikuwa unajipima.

Jumatatu ukifika kazini, fungua faili la wanaowadai uangalie nani amekaa humo tangu Julai na kwa nini. Nakili sababu, moja moja, kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la kahawa. Na yule mama wa mboga akija Ijumaa, mlipe.